Kama nini? Hesabu ya uwezekano kwa wanaocheza pari ya mpira



Tangu Leopards waitoe Nigeria kule Rabat, tarehe 16 Novemba 2025, kuko swali moja ambalo vijana wa huku wananiuliza karibu kila juma. Linakuja hivi: «Yaya, ku penalti hakuna mutu anatuwezaka. Misri tuliwatosha ku penalti, Nigeria tuliwatosha ku penalti. Siku mechi itafika tena ku penalti, niweke makuta yote, si ndiyo?»

Anayeuliza si mtu wa mchezo. Ni motari mwenye makuta ya siku nzima mfukoni, na sehemu kubwa ya makuta hayo ni ya mwenye pikipiki. Ao ni mchimba dhahabu aliyeshuka mjini baada ya majuma matatu porini. Pari inachezwa kwa simu, malipo yanapita kwa simu, dakika mbili tu makuta yamekwenda. Ukimjibu «usicheze, ni zambi», umemaliza mazungumzo lakini hujamaliza swali. Swali lake ni la hesabu, basi tulijibu kwa hesabu. Naliandika hapa juu wengi wetu tuko na leki, binamu ao mtoto wa jirani anayeuliza vile vile.

Mimi nilisoma agronomia, si hesabu. Lakini agronome hawezi kufanya kazi siku moja bila uwezekano. Kabla ya kupanda mahindi tunatwaa mbegu 100, tunazipanga ku kitambaa chenye maji, tunangoja siku saba, tunahesabu zilizoota. Zikiota 85, tunasema uwezekano wa kuota ni 85 kwa 100. Kila mkulima anajua kwamba sentensi hiyo haijaisha. Ni 85 kwa 100 kama mbegu ni za gunia hili, kama maji yako, kama hazijalala tena miezi sita ku ghala lenye unyevu. Ukibadilisha «kama», namba nayo inabadilika, hata kama gunia ni lile lile.

Hiyo njo inaitwa uwezekano wenye sharti. Ni ile probabilité conditionnelle ambayo mwalimu alituandikia ubaoni, na kile kimstari kilichosimama katikati ya A na B. Wengi tulikariri formula, tukapita mtihani, tukaiacha mlangoni mwa auditoire. Na kumbe inasema jambo rahisi sana: kutafuta uwezekano wa A kama B imetokea, hesabu kwanza mara ambazo B ilitokea. Ndani ya hizo tu, hesabu mara ambazo A ilitokea pia. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Yote yaliyobaki, ambamo B haikutokea, yafute. Hayakuhusu tena.

Sasa tuingie uwanjani.

Mechi saba za Côte d'Ivoire

Tutwae CAN ya 2023, ile iliyochezwa Côte d'Ivoire mwezi wa kwanza na wa pili 2024. Leopards walicheza mechi saba. Shika kalamu:

17 Januari, na Zambia: 1-1. Zambia walifunga kwanza.
21 Januari, na Moroko: 1-1. Moroko walifunga kwanza.
24 Januari, na Tanzania: 0-0.
28 Januari, na Misri: 1-1. Sisi tulifunga kwanza. Tukashinda kwa penalti 8-7.
2 Februari, na Guinea: 3-1 kwetu. Guinea walifunga kwanza.
7 Februari, na Côte d'Ivoire: 0-1. Wao walifunga kwanza, na goli lilikuwa hilo tu.
10 Februari, na Afrika Kusini: 0-0. Tukapoteza kwa penalti 6-5.

Tuache penalti kando kidogo, tuhesabu matokeo ya mpira wenyewe. Kushinda: moja. Kupoteza: moja. Sare: tano. Kwa hiyo mtu akiokota mechi moja kati ya hizo saba bila kuangalia, uwezekano wa kukuta tumeshinda ni 1 kwa 7, karibu 14 kwa 100. Wa kukuta sare ni 5 kwa 7, zaidi ya 71 kwa 100.

Sasa ongeza «kama». Kama tumefungwa kwanza? Mechi hizo ni nne: Zambia, Moroko, Guinea, Côte d'Ivoire. Futa zile tatu zingine. Ndani ya nne hizi tulishinda moja, tulitoka sare mbili, tulipoteza moja. Uwezekano wa kushinda, kama tumefungwa kwanza: 1 kwa 4, ni 25 kwa 100. Uwezekano wa kutopoteza, kama tumefungwa kwanza: 3 kwa 4.

Umeona? 14 imekuwa 25, na hakuna mchezaji aliyebadilika. Tulibadilisha kundi la mechi tunazoangalia, basi. Mtu akikuambia «Kongo iko na uwezekano wa hivi», jambo la kwanza la kumuuliza ni: kama nini?

Njia ya kwenda si njia ya kurudi

Tugeuze swali. Katika mechi ambazo tulishinda ndani ya mpira, ni mara ngapi tulikuwa tumefungwa kwanza? Mechi ya kushinda ilikuwa moja tu, ya Guinea, na ndani yake tulifungwa kwanza. Kwa hiyo uwezekano wa kuwa tumefungwa kwanza, kama tumeshinda, ni 1 kwa 1. Yaani 100 kwa 100.

Sikia basi vile mtu mjanja anaweza kukuuzia namba hiyo: «Ku CAN ya Côte d'Ivoire, kila mara Leopards walishinda, walianza kufungwa!» Ni kweli kabisa, hakuna uongo ndani. Na kijana anasikia: «Wakifungwa kwanza, watashinda.» Anakimbilia simu. Lakini namba ya upande huo tumekwisha kuipata: 25 kwa 100. Kuko 100 ya kwenda na 25 ya kurudi, ku njia moja ile ile.

Hapa njo wengi wanaanguka, hata wenye diploma. «A kama B» na «B kama A» ni maswali mawili. Sisi wa mashamba tunalijua jambo hili kwa muhogo. Muhogo wenye mozaiki unakuwa na majani yaliyojikunja. Lakini si kila jani lililojikunja ni mozaiki. Kuko wadudu wadogo wanaonyonya majani machanga, na yale nayo yanajikunja. Mwenye kung'oa shamba lote kwa sababu ya kuona mikunjo tu amegeuza swali bila kujua. Mwenye kuweka makuta kwa sababu ya kusikia «kila walioshinda walifanya hivi» amefanya kosa lile lile.

Na tuongeze neno la pili: mechi saba ni kidogo sana. Nazitumia kuonyesha njia ya kuhesabu, si kutabiri mechi inayokuja. Hakuna agronome anayepima gunia kwa mbegu saba.

Ku penalti hakuna mutu anatuwezaka?

Turudi sasa kwa swali la motari. Anasema: kama mechi inafika ku penalti, Kongo inashinda. Vizuri, ametupa «kama» yake. Tuhesabu ndani yake.

Tutwae mikwaju mitano ya ku CAN na ya kutafuta Kombe la Dunia. Mwaka 2015, kutafuta nafasi ya tatu na Guinea ya Ikweta: tulishinda 4-2. Tarehe 7 Julai 2019 kule Alexandria, na Madagaska: tulipoteza 4-2. Mwaka 2024, na Misri: tulishinda 8-7. Mwaka huo huo, na Afrika Kusini: tulipoteza 6-5. Mwaka 2025, na Nigeria: tulishinda 4-3.

Tano, tumeshinda tatu. Ni 60 kwa 100, si 100 kwa 100. Motari hakudanganya, alihesabu zile anazokumbuka. Na tunakumbuka nini? Zile ambazo watu walitoka njiani kuimba. Usiku wa Misri tunaujua dakika kwa dakika. Usiku wa Madagaska hakuna anayeupigia hadithi. Kwa hiyo «kama» yake ya kweli haikuwa «kama mechi imefika ku penalti». Ilikuwa «kama mechi imefika ku penalti na tunapenda kuikumbuka». Ndani ya kundi hilo, bila shaka, kushinda ni 100 kwa 100. Ni sawa na kuhesabu mavuno kwa kuangalia ghala bila kwenda shambani kuona yaliyooza.

Na hizo 60 kwa 100 nazo zinaonyesha nguvu ya pekee? Tupa sarafu mara tano. Uwezekano wa kupata kichwa mara tatu ao zaidi ni nusu kamili. Yaani timu isiyokuwa na kipaji chochote cha penalti, timu ya sarafu, ingekuwa na matokeo kama yetu ao mazuri zaidi mara moja kwa mbili. Siwanyang'anyi wachezaji heshima yao. Nasema tu kwamba mara tano haziwezi kutofautisha kipaji na bahati.

Dakika ya Gabaski na Mpasi

Kwa wale wanaopenda kuona formula ikitembea, mikwaju ya Misri ni darasa zuri. Ilifika pale ambapo kila timu inapiga moja moja, na wa kwanza kukosa wakati mwenzake anafunga ametoka. Golikipa wa Misri, Gabaski, alipiga akagonga mwamba wa juu. Akafuata golikipa wetu, Lionel Mpasi.

Tuseme, kwa kurahisisha, kila mpigaji ana uwezekano wa 3 kwa 4 kufunga, na timu mbili ziko sawa. Misri wanaanza kila duru.

Kabla Gabaski hajapiga, timu ziko sawa kabisa, kwa hiyo uwezekano wetu wa kushinda ni 1 kwa 2.

Kama Gabaski amekosa, kuko njia mbili za sisi kushinda. Ya kwanza, Mpasi anafunga: 3 kwa 4. Ya pili, Mpasi anakosa, 1 kwa 4, duru inaanza upya, na hapo tuna nusu: 1/4 mara 1/2 ni 1/8. Jumla: 6/8 na 1/8, ni 7/8. Ni 87 na nusu kwa 100.

Kama Gabaski angefunga, njia ingekuwa moja tu. Mpasi lazima afunge, 3/4, halafu tushinde duru zinazofuata, 1/2. Jumla: 3/8. Ni 37 na nusu kwa 100.

Sasa angalia vile namba zinafungana. Gabaski anakosa mara 1 kwa 4 na anafunga mara 3 kwa 4. Tukichanganya: 1/4 mara 7/8 ni 7/32. 3/4 mara 3/8 ni 9/32. Jumla 16/32, yaani nusu. Tumerudi pale tulipoanza. Hii ni njia nzuri ya kujipima: ukikusanya «kama» zote, kila moja na uzito wake, lazima upate namba ya mwanzo. Usipoipata, kuko mahali umekosea.

Mpasi alifunga, tukapita. Lakini tambua jambo: tangu mpira ulipogonga mwamba mpaka Mpasi alipoukimbilia, nguvu ya mguu wake haikuongezeka. Kilichoongezeka ni habari. Nusu ikawa 7/8 juu ya habari tu. Na 7/8 si 8/8. Wote tuliokuwa tumefunga macho tulijua hivyo bila formula.

Mbili bila, mechi haijaisha

Habari hizo hizo njo zinauzwa na makampuni ya pari wakati mechi inaendelea. Kijana anaona timu inaongoza 2-0, anasema imekwisha.

Tarehe 31 Januari 2015 kule Bata, robo fainali ya CAN, ndugu zetu wa Brazzaville waliongoza 2-0 katika kipindi cha pili. Tulimaliza 4-2 kwetu. Tarehe 9 Septemba 2025 ku Stade des Martyrs, sisi njo tuliongoza Senegal 2-0, magoli ya Bakambu na Wissa, kabla ya mapumziko. Tulimaliza 2-3. Mechi mbili hazifanyi sheria, na mara nyingi anayeongoza 2-0 anashinda. Lakini «kama inaongoza 2-0» ni sharti lisiloisha, kama la mbegu. 2-0 dakika ya 33 si 2-0 dakika ya 88. 2-0 kwa Senegal si 2-0 kwa timu iliyochoka.

Na kuko jambo kubwa zaidi kwa sisi tulio mbali na mji. Ile cote unayoiona ku simu imekwisha kuhesabu 2-0. Goli likifungwa, kampuni inabadilisha cote mara moja. Wewe hapa Bafwasende, na reseau inayokuja na kwenda, unaona goli baada ya wao. Maana yake, unanunua kwa «kama» ya zamani kutoka kwa mtu mwenye «kama» mpya. Biashara ya namna hiyo tunaijua ku soko: mwenye kujua bei ya Kisangani ya leo na mwenye kujua ile ya juma lililopita, mmoja wao atapoteza.

Tike ya kombine

Sasa ile inayokula makuta mengi zaidi. Kijana anachagua mechi tano, timu kubwa tano, na anasema: «Hizi zinashindaka kila siku.» Tuseme ni kweli zina nguvu, kila moja iko na uwezekano wa 70 kwa 100. Mechi zikiwa hazigusani, tunazidisha: 0.7 mara 0.7, mara tano. Tunapata karibu 0.168. Yaani tike 17 kwa 100 zitapita, 83 zitachanika. Timu tano zenye nguvu zimezaa tike dhaifu.

Tuseme cote ya kila mechi ni 1.30. Tano zikizidishana zinatoa karibu 3.71. Ukiweka franka 5 000, tike ikipita unapata karibu franka 18 565. Inaonekana nzuri. Lakini cheza tike kama hizo 100: umetoa franka 500 000. Kumi na saba zinapita, zinakurudishia karibu franka 315 000. Zile 185 000 ziko wapi? Zimebaki kwa kampuni. Sababu ni kwamba uwezekano wa 70 kwa 100 ungestahili cote ya karibu 1.43, na wao wanakupa 1.30. Kila mechi wanakata kidogo. Ku kombine wanakata mara tano.

Hapa «kama» inaleta makosa mawili yanayopingana. Mechi nne zimekwisha kupita, imebaki moja. Mmoja anasema: «Nne zimepita, leo niko na bahati, ya tano haiwezi kunikatala.» Mwingine anasema: «Nne zimepita, bahati imeisha, ya tano itakatala.» Wote wawili wamekosea. Uwezekano wa ya tano, kama nne zimepita, ni 70 kwa 100, vile vile kama asubuhi. Timu ya tano haijui tike yako. Kuko «kama» ambazo hazibadilishi kitu, na kuzijua hizo ni sehemu ya hesabu.

Lakini usiende kuzidisha kila kitu. Ukichagua katika mechi moja «Kongo itashinda» na «Kongo itafunga goli», mambo hayo yanagusana. Kama Kongo imeshinda, lazima imefunga angalau goli moja. Uwezekano ni 100 kwa 100. Kwa hiyo uwezekano wa yote mawili ni ule wa kushinda peke yake. Kanuni ni hii: kabla ya kuzidisha, jiulize kama la kwanza linabadilisha la pili.

Muuzaji wa matokeo

Namalizia na mtu hatari kuliko kampuni: yule anayetuma ujumbe ku simu, «Niko na mechi iliyouzwa, tuma dola 10». Kwanza anakupa matokeo matatu ya bure, yote yanatoka sawa. Kijana anasema: angekuwa hajui, angepataje tatu?

Swali hilo ni la njia ya kwenda: uwezekano wa kupata tatu, kama anajua. Ni 100 kwa 100, sawa. Lakini wewe unahitaji njia ya kurudi: uwezekano kwamba anajua, kama amepata tatu. Tuhesabu kwa moyo mwema. Tuseme kuko wauzaji 1 000, na 10 kati yao wanajua kweli. Hao 10 wote watapata tatu. Wale 990 wanabahatisha, kila mechi nusu kwa nusu; tatu mfululizo ni 1 kwa 8, kwa hiyo karibu 124 nao watapata tatu. Wenye tatu wote ni 134, na wanaojua ndani yao ni 10. Ni 7 na nusu kwa 100. Na hapo nimekubali kwamba kuko 10 wanaojua.

Tena, haitaji hata kubahatisha. Anatwaa namba za simu 800. Mia nne anawaambia timu hii itashinda, mia nne anawaambia haitashinda. Waliopata jibu baya anawafuta. Mia nne waliobaki anawagawanya tena, mia mbili wanabaki. Mara ya tatu, mia moja. Watu hao mia moja wameona kwa macho yao matokeo matatu sawasawa. Thelathini wakituma dola 10, amepata dola 300 bila kujua hata timu ina wachezaji wangapi. Na kila mmoja wa mia moja anaapa kwamba mtu huyu anajua, juu haoni wale 700 waliofutwa.

Maswali matatu

Kwa hiyo kijana akikuuliza, usianze na formula. Mpe maswali matatu.

La kwanza: kama nini? Namba yoyote ya uwezekano iko na sharti ndani yake. Asiyeweza kulitaja hajui namba yake.

La pili: ni njia ya kwenda ao ya kurudi? «Walioshinda walifanya hivi» si «wanaofanya hivi watashinda».

La tatu: nani amefutwa? Mechi tusizozikumbuka, tike zilizochanika, namba za simu zilizoachwa. Hesabu inayowasahau waliofutwa inatoa 100 kwa 100 kila siku.

Motari wangu nilimpa karatasi na mikwaju ile mitano, akahesabu mwenyewe mpaka akafika tatu kwa tano. Halafu nikamwomba aandike tike zake zote za mwezi, zilizopita na zilizochanika, ku safu mbili: nilitoa ngapi, nilipata ngapi. Hakupenda. Lakini aliandika, na aliposoma jumla alikaa kimya, akakunja karatasi akaiweka ndani ya kofia. Sikumwambia aache. Makuta ni yake, na hesabu sasa ni yake.

Tufanye vile vile, kila mmoja mahali alipo, Kisangani, Nia-Nia, Bunia. Kalamu moja, karatasi moja, leki mmoja. Mpira tutazidi kuupenda. Leopards wakicheza, mimi nitakuwa mbele ya televizyo kabla ya wote, na sitakuwa na kalamu.